Vidonge vya Mkamwana

Daftari hili ni mali ya Hajira binti Sadala, mwalimu mstaafu, Mazingara, Handeni. Atakayeliokota alirudishe, na asilisome.

24 Februari

Mwaka wa tatu huu tangu nistaafu, na mkono bado unawasha kila asubuhi kuandika tarehe. Miaka thelathini na mitatu nimeandika tarehe ubaoni, nimeita majina, nimeweka alama za mahudhurio. Daftari hili lilibaki kabatini tangu shuleni. Nitaliandika masika yote mpaka mahindi yaingie ndani, na majina nitayaita kama zamani.

Shamba la bondeni, kufyeka. Aliyefika: mimi. Hakufika: Yusta. Mtoro.

Yusta ni mke wa mwanangu Muhsin. Muhsin anafanya kazi bandarini Tanga, anakuja mwisho wa mwezi, mkewe naishi naye mimi. Ni binti wa Mazinde, wa wale watu wa mkonge ambao babu zao walitoka kila pembe ya nchi kuja kukata majani, wakabaki hukuhuku. Siku ya ndoa alisilimu, jina lake akabaki nalo. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jembe. Miaka miwili yuko kwangu, mara vidole vimekakamaa, mara jua linamuunguza uso. Wiki iliyopita alikuja shambani na mwavuli. Mwavuli! Mkono huu jembe, mkono huu mwavuli, na mbinguni hakuna wingu hata la dawa. Mama Sharifu, jirani yangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Na mjukuu mpaka leo sijamuona.

26 Februari

Aliyefika: mimi. Yusta: mtoro.

27 Februari

Vilevile. Magoti yananiuma. Nimelima nimekaa, kama mtoto anayechezea udongo.

1 Machi

Yusta ameanguka kando ya kisima. Mama Sharifu na wenzake wamemleta wamemshika huku na huku. Mashavu yote mawili mekundu, kama mtu aliyezabwa makofi, na vidole vimevimba hata pete haizunguki. Nimempigia Muhsin. Kanijibu, “Mama, usimpeleke zahanati tena, wameshampa dawa za malaria mara nne. Mpeleke Korogwe.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenilaumu. Sikuipenda.

3 Machi

Tumetoka Mazingara na bodaboda mbili alfajiri, tukapanda basi Handeni mjini, tukafika Korogwe saa nne. Nimefunga, leo ni siku ya pili ya Ramadhani.

Daktari anaitwa Mdoe. Ni kijana, ana adabu. Aliposikia mimi ni mwalimu alivuta kiti.

“Shikamoo mwalimu. Ulifundisha somo gani?”

“Marahaba. Sayansi, darasa la tano mpaka la saba.”

“Basi chembechembe nyeupe unazijua.”

“Askari wa mwili,” nikasema. Wanafunzi wangu wote walijibu hivyo kwenye mtihani na wote walipata vema.

Akageuza karatasi ya vipimo, akachora nyuma yake duara. Akasema kila chembe ya mwili imezungukwa na ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa mafuta. Kukitokea hatari, chembe inakata kipande kidogo cha mafuta ya ukuta wake na kukitoa nje. Kipande hicho ndicho wito. Askari wakikipata wanajua waende wapi, wavimbishe wapi. Baadaye hutolewa mafuta ya namna nyingine, yanayosema kazi imekwisha, rudini kambini.

“Kwa dada huyu,” akasema, “wito wa kuja haukomi, na askari wameacha kumjua adui. Wanapiga nyumba yao wenyewe. Viungo, ngozi, na mkojo unaonyesha wameanza figo. Ugonjwa unaitwa lupus.”

Amempa vidonge, prednisoloni. Vina kazi nyingi, lakini moja ni kuzuia yale mafuta yasikatwe, ili wito upungue. Sita kila asubuhi baada ya kula. Asiruke, asipunguze, asiache ghafla. Jua alikwepe. Na mwaka huu asifunge. Kliniki ni Jumatatu, arudi tarehe 14 Aprili.

Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikiwaza. Miaka thelathini na mitatu nimefundisha jinsi askari wanavyotoka. Hakuna siku niliyofundisha nani anawarudisha.

5 Machi

Nimepika kisamvu bila tone la mafuta. Yusta akaonja, akaniangalia.

“Mama, mafuta yameisha?”

“Si umesikia mafuta ndiyo yanayowaita askari?”

Akacheka, mpaka akafunika mdomo kwa kanga. “Mama, ni mafuta ya ndani ya mwili. Siyo ya kwenye chupa.”

Mwalimu wa sayansi mimi. Nimerudisha mafuta chunguni.

10 Machi

Mvua ya kwanza! Imenyesha tangu asubuhi, udongo umelainika. Yusta ameamka kabla yangu, amesonga bada lake la muhogo, amekula jikoni mlango ameurudishia ili asinikere mimi niliyefunga, kisha akaja shambani. Amepanda mistari minne. Mwavuli ameufunga kwa kamba begani, mikono yote miwili inafanya kazi.

Waliofika: wawili. Nimeandika nikarudia kusoma.

12 Machi

Leo nitaandika ukweli, maana hakuna anayesoma.

Magoti yangu yameharibika tangu mwaka juzi. Ninaswali kwenye kiti, na jembe nalishika nimekaa. Nimekuwa nikimtazama yule binti siku tisa hizi. Alikuwa hawezi kukunja ngumi, sasa anakamua nguo. Nikajiuliza, kama vidonge vinatuliza viungo vyake, viungo vyangu vimekosa nini? Na kwenye kopo vimejaa tele.

Wakati wa daku nimekunywa uji na vidonge viwili vya Yusta.

14 Machi

Nimesujudu. Paji la uso wangu limegusa mkeka, mara ya kwanza kwa karibu miaka miwili. Nimekaa palepale nikalia kwa furaha kama mtoto.

Viwili.

15 Machi

Viwili. Waliofika: wawili.

19 Machi

Viwili. Nimepanda mistari kumi na moja. Nimejikuta naimba wimbo wa mchakamchaka.

31 Machi

Idi. Muhsin amekuja na kanga mbili, yangu na ya mkewe. Mama Sharifu alipoleta sahani ya pilau alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja. “Jamani, nyumba hii mnakula nini? Mwalimu umenawiri, na mkamwana naye mashavu kama mkate wa bofulo!” Tukacheka wote. Kweli mashavu yangu yamejaa, nimejiona kwenye kioo. Muhsin kaniambia faraghani, “Mama, asante kwa kumtunza mke wangu.” Nimemjibu ni wajibu wangu.

Viwili.

8 Aprili

Palizi imeanza. Aliyefika: mimi. Yusta amekuja saa moja, akarudi. Anasema mifupa inauma. Vidonge sita kila siku na bado analala! Mtoro.

9 Aprili

Mtoro. Viwili.

11 Aprili

Mtoro. Nimepalilia peke yangu mpaka kwenye mpaka wa Mama Sharifu. Watu wanapita wanasema mwalimu amerudi ujana.

14 Aprili

Yusta amekwenda kliniki peke yake, mimi nilikuwa na palizi. Amerudi jioni amelowa. Nimemuuliza daktari kasemaje. “Kasema niendelee, mama. Nirudi tarehe kumi na mbili mwezi wa tano.” Ameweka vidonge vipya kwenye kopo, na kopo ameliweka palepale, rafu ya chini, karibu na sukari.

22 Aprili

Nimepita mlango wa jikoni asubuhi nikamwona anahesabu vidonge kiganjani. Moja, mbili, tatu, nne. Akafunga kopo.

Nilitaka kumgombeza. Daktari alisema sita! Neno lilifika mdomoni likakwama, maana nilijua viwili vilivyobaki viko wapi. Anapunguza ili vifike mpaka siku ya kliniki. Nikageuka nikaenda zangu bandani, nikajifanya natafuta jembe.

Nimeamua. Kuanzia kesho sigusi.

23 Aprili

Sikugusa.

24 Aprili

Sikugusa. Mwili wote unauma, kichwa kizito, natetemeka nikisimama. Nimeswali kwenye kiti. Yusta ameniletea uji kitandani, ameninyoosha miguu, hakuuliza kitu.

25 Aprili

Viwili. Mungu anisamehe. Palizi ya pili inangoja, ngedere wameshaanza kuchungulia, na mwenye mikono ni mimi tu.

2 Mei

Mvua. Viwili.

3 Mei

Mvua. Mtoro. Viwili.

9 Mei

Nimebonyeza mguu wa Yusta kwa kidole, shimo likabaki. Uso umevimba kwenye macho. Mkojo, anasema, unatoa povu kama maji ya sabuni. Nimeandika mtoro kisha nikakaa nalitazama neno hilo. Nimempigia Muhsin aje moja kwa moja Korogwe Jumatatu.

12 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, hata kama nitamaliza kurasa.

Barabara ilikuwa tope tupu, bodaboda alisukuma zaidi ya alivyoendesha. Muhsin tulimkuta anatungoja getini. Yusta akapimwa, akalazwa, na saa saba Daktari Mdoe akatuita sisi watatu kwenye chumba chake. Yusta alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kanga ya Idi mabegani.

Daktari hakuchora kitu leo. “Protini kwenye mkojo imepanda mara tatu. Wiki kumi nimempa dozi ambayo ilitakiwa iwe imeshamtuliza. Mwezi uliopita nilisema tusubiri. Sasa naona dawa imeshindwa.”

“Kuna nyingine?” Muhsin akauliza.

“Ipo. Ya dripu, kila mwezi, kwa miezi sita. Ina nguvu, inawalaza askari wote bila kuchagua. Lakini lazima niwaambie kabla hamjatia saini. Inaweza kufunga kizazi. Si lazima itokee, ila inaweza.”

Nilimtazama Yusta. Huyu ndiye niliyekuwa nikimuuliza kila mwezi, mbele za watu, mjukuu wangu yuko wapi. Alikuwa anatazama vidole vyake. Kisha akanyanyua macho, akanitazama mimi, si daktari wala mumewe. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

“Nipeni kalamu,” akasema.

Nikasema naenda kunywa maji. Nilikwenda mpaka bombani uani, nikafungua, sikunywa. Nilijua kitu ambacho daktari hakukijua. Nilijua dawa haijashindwa. Ningeweza kunyamaza nikarudi Mazingara na heshima yangu, shikamoo mwalimu huku, shikamoo mwalimu kule. Yule binti angetundikiwa dripu, na siku zote ambazo mtoto hatapatikana, mimi ningejua ni kwa nini. Nilikuwa naona haya kiasi kwamba miguu haikutaka kurudi. Nilinawa uso nikarudi.

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi.

“Daktari, dawa haijashindwa. Nimeila mimi.”

Daktari akauliza taratibu, “Umekula vingapi, mwalimu?”

“Viwili kila siku. Tangu tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Kwa ajili ya magoti. Siku mbili tu ndizo nilizoacha, mwili mzima ukauma.”

Akaandika, akapiga hesabu. Karibu mia na ishirini. Muhsin akainuka, akafungua mlango, akatoka bila kuufunga. Nilimsikia anatembea varandani, kwenda na kurudi.

“Mwenyewe alikuwa anakula vinne,” nikasema. “Nilimwona.”

“Kwa hiyo dawa haijashindwa,” akasema daktari. “Dawa hatujaijaribu.” Akaikunja ile karatasi ya saini akaitia kwenye droo. “Sitoi ahadi. Tutampa dozi kamili hapahapa wodini, anaangaliwa akimeza. Mkojo ukianza kushuka, dripu tutaiacha. Usiposhuka, tutarudi kwenye mazungumzo haya.” Kisha akanigeukia. Nilingoja matusi. “Na wewe usiache ghafla. Mwili una dawa yake ya namna hii, unaitengeneza wenyewe. Ukiuzoesha ya nje unaacha kutengeneza, ndiyo maana uliumwa zile siku mbili. Nitakupunguzia kidogo kidogo, kwa vidonge vyako mwenyewe.”

“Magoti yangu nayo ni askari?”

“Ni uchakavu zaidi, mwalimu. Lakini hata humo yale mafuta yanaita kidogo, ndiyo maana ulipata nafuu. Kila mwili unaita.”

Alipoturudisha wodini akatuacha wawili, nilitaka kupiga magoti mbele ya mkamwana wangu. Hayakukunjika vizuri. Yusta akanishika mkono. “Kaa kitini, mama.”

“Nisamehe, mwanangu.”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu Ramadhani. Nilihesabu, vikapungua. Nikafikiri ni panya. Halafu nikakuona unasujudu.” Akatabasamu kidogo na mashavu yake yale yaliyojaa. “Ulianza kuimba asubuhi. Uliacha kuniuliza habari za mtoto, wiki tatu nzima. Nikasema acha, ni viwili tu. Kwetu Mazinde, baba akipewa dawa kwenye zahanati ya mkonge, tulikuwa tunagawana nyumba nzima, kama mboga. Sikujua kwamba hizi hazigawanyiki.”

“Na kopo ukaliacha rafu ya chini.”

“Ya juu ungeifikiaje, na magoti yale?”

Nililia pale, mbele ya wagonjwa wa watu.

14 Mei

Niko Korogwe, nimefikia kwa ndugu yetu mtaa wa Kilole. Asubuhi nampelekea uji, nahesabu sita kwenye kifuniko cha chupa, nasimama mpaka ameze. Muhsin ananisalimia, haongei zaidi.

17 Mei

Sita.

18 Mei

Sita. Uvimbe wa macho umeshuka, au nataka uwe umeshuka.

24 Mei

Ameruhusiwa. Nesi amesema protini imeanza kupungua, kidogo. Kopo la vidonge sasa linakaa chumbani kwake, ndani ya sanduku, na ufunguo anao yeye. Nimeomba mwenyewe iwe hivyo.

27 Mei

Nimeshushiwa mpaka kidonge kimoja. Nimeswali kwenye kiti. Nimefikiria kuhusu kile kiti, kwamba niliona ni aibu, wakati hakuna aliyewahi kunicheka.

Mama Sharifu ameuliza kwa nini Yusta alilazwa. Ningeweza kusema figo na nikaishia hapo. Nimemwambia yote. Hakucheka safari hii. Akasema, “Na mimi nilimcheka kwa ule mwavuli.” Jioni akaja kutusaidia kufukuza ngedere.

7 Juni

Idi kubwa. Muhsin amekuja. Ameleta kanga mbili. Sikutegemea ya pili.

9 Juni

Kliniki, sote watatu. Daktari Mdoe alisoma majibu mara mbili kabla ya kusema. Protini imeshuka zaidi ya nusu.

“Hajapona,” akasema. “Lupus haiponi, inatulizwa. Lakini askari wameanza kurudi. Dripu naiweka kando.” Vidonge vitapunguzwa taratibu, na kuna vingine vya kumlinda kwa muda mrefu. Kuhusu mtoto, amesema tungoje figo zitulie mwaka mmoja, halafu waende wamuone kwanza, wasikurupuke.

Muhsin akauliza mimi naendeleaje na nusu kidonge changu. Ni swali la kwanza ameniuliza tangu mwezi wa tano. Nimemjibu magoti yanauma sana. “Pole, mama,” akasema, akanibebea mfuko mpaka stendi.

Njiani nilijikuta nataka kusema habari za mjukuu. Nikazimeza.

6 Julai

Tumeanza kuvuna. Mahindi si mengi, ngedere wamekula upande wa mto, lakini yatatufikisha. Yusta ameondoka kabla jua halijatoka na Mama Sharifu. Nimewaona wakishuka bondeni, mwavuli umefungwa mgongoni kwa kamba kungoja jua la saa tatu. Mama Sharifu naye amebeba wa kwake. Mimi nimebaki varandani napukuchua.

Mchana nimechukua kalamu nyekundu niliyokuwa nikisahihishia, nikarudi ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Kila palipoandikwa mtoro nimekata, nikaandika juu yake: mgonjwa. Kalamu ilikuwa imekauka, imenibidi niipashe moto kwa pumzi kila mara.

Halafu nikafika tarehe 12 Machi. Kuanzia hapo mpaka 12 Mei, kila palipoandikwa kwamba mimi nimefika shambani, nimeongeza pembeni maneno manne: kwa miguu ya Yusta.

Leo. Aliyefika: Yusta. Hakufika: mimi. Mgonjwa.